Nasali, nafunga, na saa nane ya usiku bado niko macho

Swali: "Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Igoma, Mwanza, nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba. Mume wangu ni mvuvi, yuko kambini upande wa Ukerewe. Mwaka jana nilichukua mkopo, kisha nikachukua mwingine wa kulipia ule wa kwanza. Marejesho ni kila Jumatatu. Tangu hapo nashtuka saa nane ya usiku, moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, sipati usingizi mpaka alfajiri. Nimesali, nimefunga siku saba, nimekwenda mikesha minne mwezi huu. Nikaambiwa nina imani haba. Ile amani ya Kristo inayohubiriwa naipataje?"

Amina, mama, na wabeja (asante) kwa kuandika bila kuficha. Umeuliza maswali manne ndani ya moja: la imani, la usingizi, la deni na la mume aliye majini. Kila moja lina dawa yake, na sehemu ya taabu yako imetokana na kuyapa yote dawa moja.

Nianze na imani haba, kwa sababu neno hilo linakuamsha hata pale deni linapolala. Ni neno la Yesu mwenyewe, Mathayo 8:26, ndani ya chombo kilichokuwa kinajaa maji. Luka akiisimulia habari hiyo anasema "ng'ambo ya ziwa", na yuko sahihi: Bahari ya Galilaya ni ziwa la maji baridi, urefu kama kilomita 21 na upana kama 13. Nyanza yetu, yaani Ziwa Victoria, ni kubwa kuliko hilo zaidi ya mara 400. Lakini tabia yake unaijua wewe mke wa mvuvi: upepo hushuka ghafla kutoka milimani, na maji yaliyokuwa yamelala jioni huchafuka usiku. Kati ya waliokuwa na Yesu, Petro, Andrea, Yakobo na Yohana walikuwa wavuvi wa kazi. Hofu yao haikuwa ya mgeni anayeogopa wimbi la kwanza; walijua maji yakifika kiasi gani chombo hakirudi. Wakamwamsha kwa maneno ambayo leo tungeyaita utovu wa adabu: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?"

Sasa tazama mpangilio wa Marko 4:39-40. Kwanza aliukemea upepo, kukawa shwari kuu. Ndipo akawauliza mbona ni waoga. Mathayo anatanguliza swali, lakini kwake pia hakuna aliyeambiwa akaongeze imani kwanza ndipo apewe shwari. Imani haba, basi, ni jina la mtu aliyemo chomboni pamoja na Yesu, aliyemwendea anayestahili kuendewa, ila mikono inatetemeka. Ukishtuka saa nane ukamwita, umefanya walichofanya wale. Aliyekuambia neno lile huenda alitaka kukutia moyo. Kama alikusudia kukuhukumu, amesoma nusu ya habari.

Kuna jambo la pili ambalo wahubiri wengi hulipita mbio. Wafilipi 4:6 inasema "Msijisumbue kwa neno lo lote". Kitenzi cha Kigiriki hapo ni merimnao. Rudi nyuma sura mbili, Wafilipi 2:20, Paulo anamsifu Timotheo kwamba hana mwingine "atakayeiangalia hali yenu kweli kweli". Kitenzi ni kile kile. Na katika 2 Wakorintho 11:28, akiorodhesha mateso yake, anataja jinsi makanisa yote yanavyomlemea moyoni kila siku; nomino aliyotumia ndiyo iliyokizaa kitenzi hicho hicho. Kujali na kusumbuka ni mshipa mmoja. Mama asiyejali haamki saa nane. Kwa hiyo usimwombe Mungu aung'oe mshipa huo. Kazi iliyopo ni kujifunza mahali pa kuutua mzigo ambao kujali kumeuchukua.

Na kujifunza ndilo neno lenyewe. Fungua Mathayo 11:28-29. Mstari wa 28: "nami nitawapumzisha." Mstari wa 29: "Jitieni nira yangu, mjifunze kwangu… nanyi mtapata raha nafsini mwenu." Ni mambo mawili. Pumziko la kwanza hutolewa: unakuja na mizigo yako, unapokelewa. Raha ya pili hupatikana kidogo kidogo, kwa kujifunza, huku shingo iko kwenye nira. Nadhani wewe la kwanza unalo. La pili hukufundishwa. Uliambiwa uje tu, na kila usiku unakuja tena kama ambaye hajawahi kupokelewa.

Wanaolima kwa plau huko Magu, Kwimba na Misungwi hawahitaji kufafanuliwa nira. Ni ya ng'ombe wawili. Maksai mchanga hafungwi na mchanga mwenzake. Hufungwa na aliyezoea mfereji, na kwa siku za mwanzo yule mzoefu ndiye anayevuta kweli. Tena nira iliyochongwa vibaya huchubua shingo hata kama shamba ni dogo. Neno lililotafsiriwa "laini" katika mstari wa 30 linabeba pia maana ya kitu chema, kinachofaa kwa anayekivaa. Yesu hakuahidi kukutoa shambani. Ameahidi mwenzi wa kuvuta naye na nira isiyochubua. Mtu anayetazamia amani iwe kukosa kazi ya kuvuta atahisi ametapeliwa kila Jumatatu.

Tushike usiku wenyewe, maana leo utalala na kesho kuna soko.

Unaposhtuka, moyo ukaenda mbio na vidole vikafa ganzi, huo ni mwili uliopiga king'ora. Umemwaga adrenalini, unahema haraka kuliko unavyohitaji, hewa ya kaboni inapungua kwenye damu, na ganzi na kizunguzungu vinatoka hapo. Hali hiyo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka yenyewe. Kinachoirefusha ni kuiogopa: "nakufa", "nimerogwa", "Mungu ameniacha". Kaa kitandani, miguu iguse sakafu. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, na moyoni useme "Bwana ndiye mchungaji wangu". Itoe polepole ukihesabu hadi sita: "sitapungukiwa na kitu." Fanya hivyo kwa dakika 5, ambazo ni kama pumzi 30. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayouambia moyo upunguze mwendo, kwa hiyo usiikate. Wakristo wamesali kwa pumzi tangu zamani. Ndugu zetu wa Orthodoksi husema "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi" kwa namna hiyo hiyo. Ikikufaa zaidi, tumia hiyo.

Kosa la kwanza hapa ni kushika simu. Ukiishika kutazama saa, utaona ujumbe wa mdai. Kosa la pili ni la wacha Mungu: sala inageuka kuwa kuhesabu madeni kwa sauti. Unaanza na "Baba", unataja Jumatatu, unataja ada, unarudi Jumatatu, na baada ya nusu saa moyo uko juu kuliko ulivyoanza. Yesu aliposema "msipayuke-payuke" alikuwa na huruma na watu kama hao. Kipimo ni chepesi: ukijikuta unasema jambo lile lile kwa mara ya tatu, sala imekwisha na kilichobaki ni wasiwasi uliovaa kanzu. Sema "Amina" ufunge.

Ikipita kama dakika 20 bila usingizi, ondoka kitandani. Kaa kwenye kiti, mwanga mdogo, usome Zaburi ya 4 au ya 131. Hiyo ya 131 ina mistari mitatu tu, na ni ya mama: "nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha, kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Mtoto aliyeachishwa ziwa anajua hapewi tena alichokuwa anakililia. Hata hivyo yuko pale pale kifuani, ametulia. Hiyo ndiyo amani ya mtu mwenye deni ambalo halijalipwa. Rudi kitandani kope zikiwa nzito, si kabla. Na asubuhi amka saa ile ile, hata kama ulilala kidogo. Ukijilipa kwa kulala mchana kutwa, usiku utakudai tena. Wiki ya kwanza usingizi unaweza hata kupungua. Endelea.

Halafu chai. Chai ya rangi ya saa 12 jioni sokoni, pamoja na hivyo vinywaji vya kuongeza nguvu, huweka kafeini ambayo baada ya saa tano hivi nusu yake bado iko mwilini. Kahawa ya Bukoba iliyo robusta ina karibu mara mbili ya kafeini ya arabika. Baada ya saa 9 alasiri kunywa maji au uji.

Usiku hauponi usiku peke yake, lakini. Kinachokuamsha saa nane ni kile kilichonyimwa nafasi mchana. Chukua daftari la kawaida. Kila siku saa 11 jioni, kabla giza halijaingia, kaa nalo dakika 20, simu ikuwekee kengele. Gawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika "ya mkono", mwingine "ya magoti". Ya mkono ni yale unayoweza kuyafanyia kitu: kumpigia mdai, kuuliza bei ya chumvi, kushona gunia. Kila moja liandikie tendo moja na siku yake. Ya magoti ni yale ambayo hata ukikesha hayasogei: upepo wa Ukerewe, bei ya dagaa wiki ijayo, moyo wa mtoto aliyeacha shule. Yasizidi kumi kwa jumla. Yakizidi, daftari lenyewe litakuwa chanzo cha hofu.

Kwa yale ya magoti, fuata Wafilipi 4:6 kama ilivyoandikwa, kwa sababu Paulo ameweka viungo vinne na watu hutumia viwili. Kusali: kumwelekea Mungu kwanza, kabla ya jambo lako. Kuomba: jambo lenyewe, kwa jina lake, kwa sentensi moja ("upepo wa leo usiku kambini"), si "mambo yangu yote". Kushukuru: mambo matatu madogo ya leo hii, yenye sura, kama "kijana alinishushia gunia bila kudai" au "jua lilikaa mpaka dagaa wakakauka". "Nashukuru kwa uhai" ni kweli, lakini moyo haulioni. Kisha "haja zenu na zijulikane": ukishalitaja, limejulikana, acha. Ahadi inayofuata ni kwamba amani ya Mungu "itawahifadhi mioyo yenu". Kitenzi hicho ni cha kijeshi, cha askari wanaolinda mji. Filipi ulikuwa mji wa koloni la Kirumi wenye askari wastaafu, na Paulo aliandika akiwa kifungoni, analindwa. Kwa Kisukuma chetu ningesema amani ni sungusungu, mlinzi wa kijiji: akiwa lindoni haina maana mwizi hayuko nje.

Funga daftari, liweke chini ya Biblia. Petro anasema "mkimtwika yeye fadhaa zenu zote", na neno kutwika tunalijua kuliko Wagiriki. Mzigo wa kichwani hujitwiki vizuri peke yako. Anahitajika wa pili, mnainua pamoja, unatua kichwani pa mwingine, mikono yako inabaki mitupu. Wazo likija saa nane, lijibu: "Umeandikwa. Tutaonana saa 11 jioni." Wiki za mwanzo utajitwika tena asubuhi. Ni kawaida, unatwika upya jioni.

Siku nyingine hutakuwa na shukrani hata moja. Usilazimishe. Karibu theluthi ya Zaburi zote 150 ni vilio. Zaburi ya 13 ina "hata lini" nne katika mistari miwili ya kwanza, na ya 88 inaisha gizani, bila "lakini". Zimewekwa ndani ya Biblia ili uwe na maneno siku hiyo. Isome ya 13 kwa sauti ukiweka jina la mdai wako mahali pa adui kama ni lazima. Daudi hakuwa mpole kuliko wewe.

Sasa deni. Wagalatia 6:2 inasema "Mchukuliane mizigo", na mstari wa 5 unasema "kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe". Watu huona mgongano. Hakuna. Mzigo wa mstari wa 2 ni ule unaomvunja mtu mgongo. Furushi ni la safari, la kila mmoja. Na neno la furushi ndilo Yesu alilotumia aliposema "mzigo wangu ni mwepesi". Mkopo wa kulipia mkopo si furushi tena. Unahitaji kichwa cha pili, na kama umelificha deni hili kwa mumeo na kwa wenzako wa kanisani, huko kuficha ndiko kunakokuchosha kuliko riba.

Kwa hiyo Jumamosi hii, ya mkono: andika kila deni kwenye mstari wake, jina la mkopeshaji, ulichopokea, ulichokwisha lipa, kilichobaki, siku ya rejesho. Wengi wakifanya hivyo huona kwa mara ya kwanza jumla halisi, na jumla halisi karibu kila mara ni ndogo kuliko ile ya saa nane. Usichukue mkopo wa tatu, hasa wa simu. Nenda kwa mkopeshaji kabla ya siku ya rejesho, si baada ya kukosa, uombe kiasi kidogo kwa muda mrefu, na makubaliano yaandikwe. Wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, wengi hutegemea aibu yako. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni. Una haki ya kuuliza leseni na kuwa na nakala ya mkataba. Asiye navyo mara nyingi hulegea akiulizwa mbele ya shahidi. Mwende wawili: wewe na mama mmoja wa jumuiya au wa kikundi chenu cha kuweka na kukopa, anayejua kunyamaza.

Kwenye mikesha na kufunga nitasema wazi, hata kama kuna atakayekasirika. Kwa wiki tatu zijazo, acha vyote viwili. Mtu aliyekosa usingizi usiku kucha, kesho yake mwili unapiga king'ora kwa jambo dogo. Aliyefunga siku saba akiwa anabeba magunia hutetemeka na moyo humwenda mbio kwa njaa, halafu anadhani ni shambulio la adui. Eliya alipokimbia akaomba kufa, 1 Wafalme 19, malaika hakumpa fundisho. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akamwacha alale, akampa tena: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mazungumzo ya Horebu yalikuja baadaye sana. Zaburi ya 127 inasema Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Kulala ni utii, kwako, kwa sasa. Na atakayekuuzia mafuta au maji, au kukutaka sadaka ya kufunguliwa ili ulale, mwambie una marejesho Jumatatu.

Nenda pia hospitali. Katika umri wako kushtuka usiku na moyo kwenda mbio kunaweza kuwa dalili ya kukaribia ukomo wa hedhi, hasa ukiamka umelowa jasho. Kunaweza kuwa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, au presha. Vipimo vyake ni vya kawaida. Visipoonyesha kitu, na wasiwasi ukawa unakuzuia kufanya kazi, omba kuonana na watu wa afya ya akili. Bugando wana idara hiyo. Hospitali hiyo, iliyofunguliwa 1971, iko chini ya maaskofu wa Kanisa Katoliki. Kanisa halikuijenga juu ya kile kilima kwa kukosa imani. Ukipewa dawa za wasiwasi za kumeza kila siku, nyingi huchukua wiki mbili hadi nne kabla hujaona tofauti, na haziachwi ghafla kwa sababu umeombewa. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani bila cheti, achana navyo: vinazoeleka haraka, na ukiviacha hofu hurudi na nguvu. Na siku ukipata wazo kwamba afadhali usingekuwepo, usisubiri saa 11 jioni wala ibada. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, akupeleke, asikuache peke yako.

Kuhusu mapumziko ya wiki: najua muuza dagaa anayepumzika Jumapili huona wateja wake wakiondoka na jirani. Waisraeli nao walihofu hivyo, ndiyo maana wengine walikwenda kutafuta mana siku ya saba, wasiione. Kumbukumbu la Torati 5:15 linatoa sababu: mlikuwa watumwa Misri. Mtumwa hapangi siku yake ya kupumzika. Deni la kila Jumatatu linataka kukurudisha huko. Kama huwezi siku nzima, anza na saa sita, tangu kutoka ibadani mpaka jioni, Jumapili au Jumamosi kwa kadiri ya kanisa lako: hakuna kuhesabu fedha, hakuna kujibu mdai, kula na watoto, kulala mchana siku hiyo moja.

Limebaki la mume. Hofu hii ina msingi, na sitakuambia uikemee. Unaishi Igoma, ambako wamezikwa watu wa MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Na MV Nyerere ilizama tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, upande huo huo anakovua mwenzio. Dhoruba nyingi za ziwa letu huja usiku, saa za uvuvi. Biblia haisemi mvuvi Mkristo hazami. Kwa hiyo nusu ya hofu hii iko upande wa mkono: jaketi la kuokolea maisha lenye saizi yake, ambalo analivaa na si la kukalia, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa ziwa, ausikilize kabla ya kutoka, simu kwenye mfuko usioingia maji. Mkubaliane pia saa ya kupiga simu asubuhi, tuseme saa 3. Kabla ya saa 3 kukosa simu ni kukosa simu tu, si habari mbaya. Nusu ya pili ni ya magoti. Jioni akiaga, hata kwa simu, msomee Zaburi 121:8: "Bwana atakulinda utokapo na uingiapo, tangu sasa na hata milele." Mara moja, kisha kata simu.

Na usianze haya yote peke yako. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haifui dafu, kwa hiyo kila mwezi wavuvi hutulia kama wiki moja au zaidi kidogo. Anza siku hizo, akiwa nyumbani. Mwonyeshe daftari lote, ukurasa wa madeni kwanza. Saa nane ukishtuka, mwamshe akuhesabie pumzi, nne na sita, mpaka zifike 30.